Mwanao Ametoka Al-Shabaab na Anataka Kurudi Nyumbani: Mwongozo kwa Familia za Nairobi

Maswali yanayonifikia ni yale yale, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. “Kijana amepiga simu, anasema amechoka, anataka kurudi. Nimwambieje?” “Ule msamaha wa serikali bado upo?” “Nikimpeleka polisi, si nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu?” Nayajibu hapa kwa mpangilio, ili mama wa Majengo na baba wa Githurai wasianze safari hii kila mmoja kivyake.

Mwongozo ni wako wewe mzazi, mke, dada au kaka uliye Nairobi, na mtu wako amekuwa na Al-Shabaab, iwe bado yuko Somalia, yuko msitu wa Boni, au ameshafika mjini na analala kwa binamu yake Eastleigh. Kama ni wewe mwenyewe uliyetoka, soma vilevile, kisha umpe mtu mmoja unayemwamini naye asome. Usione haya ukadhani hili ni balaa la kabila moja au la mtaa mmoja. Miongoni mwa waliohusika na shambulio la DusitD2 la Januari 15, 2019, lililoua watu 21, walikuwamo Wakenya wa familia zisizo na asili yoyote ya Kisomali. Kundi hili limechukua watoto wa kila aina, na wapo wengi waliochukuliwa kwa ahadi ya kazi.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: asirudi kimyakimya, na asirudi peke yake. Anayerudi kimya huwindwa na pande mbili. Wenzake wa zamani humhesabu msaliti, na msaliti kwao adhabu yake ni kifo. Polisi nao wakimgundua kabla hajajitokeza, watamchukulia kuwa ametumwa. Kinga yake ni mashahidi na karatasi. Kila ofisi anayoingia, awepo mtu wa kuona, na iandikwe mahali.

Kwanza, ukweli kuhusu msamaha

Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha kwa vijana watakaojisalimisha. Wapo waliojitokeza. Lakini lile lilikuwa tangazo. Hatukupata sheria ya msamaha kama ile ya Uganda ya mwaka 2000, iliyompa aliyejisalimisha cheti mkononi. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 iko palepale, na uanachama peke yake, hata kama hakufyatua risasi, unaweza kumfunga mtu hadi miaka 30.

Kifungu cha 157 cha Katiba kimemwachia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uamuzi wa nani ashtakiwe, na katika hilo haamrishwi na mtu yeyote. Msamaha wa Rais chini ya kifungu cha 133 ni wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Kwa hiyo chifu, afisa, mbunge au sheikh akikuambia “mlete tu, ameshasamehewa,” mshukuru kwa nia yake njema, kisha endelea na hatua zilizo hapa chini.

Hilo halimaanishi mlango umefungwa. Mtu aliyejileta mwenyewe na kusema kweli hatazamwi sawa na aliyekamatwa akijificha. Tangu 2016 nchi ina mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali, unaosimamiwa na Kituo cha Kitaifa cha Kukabiliana na Ugaidi, NCTC, na suala la kuwarekebisha waliorudi limo ndani yake. Wakili wako anaweza kukiandikia kituo hicho. Mwambie akiandikie.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wakili. Hatua ya 3 inaeleza jinsi ya kumpata hata kama huna pesa.
- Mashahidi wawili: mmoja wa familia, na mwingine wa nje anayeheshimika, kama imamu, mchungaji, mzee wa Nyumba Kumi au mfanyakazi wa shirika la haki za binadamu.
- Cheti chake cha kuzaliwa, karatasi za shule, na nakala za vitambulisho vya wazazi.
- Nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) ya siku uliporipoti kuwa amepotea, kama uliripoti. Hiyo itunze kama mboni ya jicho. Inaonyesha kwamba familia haikumtuma wala haikumficha.
- Daftari moja la kuandika kila simu, kila ofisi, kila jina, pamoja na tarehe na saa. Si karatasi za kutupatupa, daftari.
- Nauli na salio la simu vya kutosha siku kadhaa za kuzunguka kati ya kituo, korti na hospitali.

Hatua ya 1: Kwenye simu, sema machache

Akipiga, usimhoji. Usimuulize yuko kambi gani, amefanya nini, atapita njia ipi, atafika siku gani. Kundi lina kitengo chake cha ujasusi, Amniyat, kinachosaka watoro, na huwezi kujua nani amesimama kando ya simu ile. Mambo matatu yanatosha: kwamba nyumbani anapendwa, kwamba asimdhuru mtu yeyote, na kwamba unamtafutia wakili.

Hakikisha pia ni yeye. Muulize kitu ambacho hakiko Facebook: jina la paka mliyekuwa naye, au mwalimu aliyemchapa darasa la nne. Wapo walaghai wanaozijua familia zilizopotelewa na hupiga simu kuomba “pesa ya kumtoa”. Akikata simu, andika daftarini tarehe, saa na namba.

Onyo: usipige namba ile tena na tena. Na usiweke picha yake kwenye status ya WhatsApp na maneno “Alhamdulillahi, mwanangu anarudi.” Furaha hiyo ni haki yako, lakini kwa sasa ibaki ndani ya nyumba.

Onyo kubwa zaidi: akitaja shambulio linalopangwa, hilo halingoji wakili wala kikao cha familia. Piga 999 au 112, au namba ya bure ya idara ya upelelezi wa jinai, DCI, 0800 722 203. Sheria inakulazimu kutoa habari hiyo. Na hata kama isingekulazimu, waliokufa Westgate, Garissa na Dusit walikuwa watoto wa watu kama wako.

Hatua ya 2: Zuia mkono kwenye pesa

Mama akisikia sauti ya mwanawe baada ya miaka, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye M-Pesa. Ngoja kwanza. Pesa iliyokwenda, kwa simu au kwa hawala (mawakala wa kutuma pesa), kwa mtu ambaye bado yuko ndani ya kundi inaweza kuletwa kortini kama ufadhili wa ugaidi, na rekodi yake haifutiki. Kama nauli inahitajika kweli, wakili ndiye akuelekeze namna na mahali pa kupitishia. Jirani akikuambia anamjua mtu wa kumvusha mpaka kwa bei nafuu, usimlipe.

Hatua ya 3: Tafuta wakili kabla ya kutafuta afisa

Familia nyingi huanza na afisa “wanayemjua”. Anza na wakili. Ukimweleza mambo yaliyokwisha kutokea, Sheria ya Ushahidi inalinda siri hiyo. Afisa hana wajibu wa namna hiyo kwako. (Siri hiyo haifuniki uhalifu unaopangwa. Usimwombe wakili akusaidie kuficha.)

Kama huna pesa, nenda ofisi za Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au Kituo Cha Sheria, kinachowahudumia maskini tangu 1973. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo hupokea malalamiko bila malipo. Akishafika kortini, kifungu cha 50 cha Katiba kinataka serikali imwekee wakili pale ambapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa, na ombi hilo linaweza kutolewa siku ya kwanza kabisa.

Muulize wakili mambo matatu: umewahi kushika kesi ya ugaidi? Utakuwapo mwenyewe siku ya kujisalimisha, au utamtuma karani? Ada yako ni kiasi gani, na utaiandika? Anayekuahidi kwamba “atamaliza kesi” kwa kumwona mtu fulani si wa kumpa kazi. Vivyo hivyo na wale wanaokufuata nje ya geti la korti za Milimani wakikuambia wanamjua hakimu.

Hatua ya 4: Kama bado hajafika Nairobi

Akiwa Somalia, njia yenye rekodi ni kujisalimisha kwa vikosi vya serikali hukohuko. Kuna vituo vya kupokea waliotoka kundini, maarufu zaidi kikiwa Serendi cha Mogadishu, na vingine Baidoa na Kismayo. Vituo hivyo hupokea watu waliochujwa na kuonekana hawana hatari kubwa. Wengine hubaki mikononi mwa idara ya usalama ya huko. Kwa sababu hiyo wakili wako aandikie wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Kenya ulioko Mogadishu mapema, ili jina lake lijulikane upande wa Kenya kabla halijapotea kwenye orodha ya mtu. Ukiwa hujui kabisa aliko, Msalaba Mwekundu wa Kenya una huduma ya kutafuta jamaa waliotenganishwa na vita. Haina malipo.

Mpaka wetu na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011, na wengi hufikiria njia za panya. Njia za panya ndiko kundi linakowatega watoro, ndiko doria za jeshi ziliko, na kupita huko ndiko kutakakotumiwa baadaye kuonyesha kwamba aliingia kwa siri. Mwambie wakili, naye azungumze na wakuu wa usalama wa kaunti husika kuhusu mahali pa kujitokeza.

Akiwa Boni, vivyo hivyo. Ajitokeze mchana, mahali pa wazi, mikono ikionekana, bila silaha. Bunduki, risasi au redio aliyoificha asiibebe kuileta popote na usiende kumchukulia. Amwambie wakili ilipo, polisi waifuate wenyewe.

Hatua ya 5: Ameshafika mjini. Usizizungushe siku

Hapa ndipo mapenzi huponza. Familia humhamisha kutoka nyumba hadi nyumba, leo Pangani, kesho Kayole, ikingoja “mambo yapoe”. Hayapoi. Kumficha mtu aliyeshiriki kitendo cha ugaidi ni kosa lenye kifungo, na kila siku inayopita inaondoa uzito wa neno “amejisalimisha mwenyewe”. Aonane na wakili siku ileile au kesho yake. Kabla ya kwenda kituoni, fanyeni haya:

- Apimwe na daktari, na kila jeraha, kovu na mvunjiko wa zamani uandikwe. Akija kupata jeraha jipya akiwa mikononi mwa watu, mtaweza kulitofautisha na lile la zamani.
- Akae na wakili aeleze safari yake yote tangu mwanzo: nani alimsajili, alipita wapi, alifanya kazi gani huko, alitokaje. Wewe mzazi usikae ndani. Kuna mambo hatayasema mbele ya mama yake.
- Asifute chochote kwenye simu, na usichome nguo zake. Kufuta huonekana kama kuficha, hata kama kilichofutwa ni picha za harusi.
- Mpige picha asubuhi ya siku yenyewe, uso na nguo alizovaa, na picha hiyo ibaki kwa watu wawili.

Hatua ya 6: Siku ya kujisalimisha

Ninaelewa woga wenu. Mwaka 2014, katika Operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu walizolewa Eastleigh na mitaa mingine na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Pwani, hasa Kwale, wapo vijana waliorudi kisha wakauawa au wakapotezwa, na kesi zao hazijajibiwa hadi leo. Mtu akikuambia huna sababu ya kuogopa, hakuheshimu. Lakini ndiyo sababu siku hii inapangwa kama ilivyo hapa na haiachwi kwa bahati.

Wakili aandike barua mapema kwa DCI, nakala kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Tume ya Haki za Binadamu na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Barua itaje jina lake, kwamba anakuja kwa hiari, tarehe, saa, mahali na nani atakuwa naye. Mpate nakala yenye muhuri wa kupokelewa kutoka kila ofisi. Barua iliyopigwa mihuri minne hufanya iwe vigumu sana mtu kusema baadaye kwamba hamjui kijana huyo.

Nendeni asubuhi, siku ya kazi. Ijumaa alasiri msiende: ofisi zinafungwa, wikendi inaingia, na hakuna wa kumpigia. Mwende ofisini au kituoni, ndani, si kwenye maegesho ya supamaketi au “tukutane petrol station ile”. Mkibadilishiwa mahali dakika ya mwisho, wakili aombe mabadiliko hayo kwa maandishi. Yakikataliwa, mrudi nyumbani na mpange upya.

Mkifika kaunta, ombeni iandikwe kwenye kitabu cha OB. Ni lile daftari kubwa la jalada gumu, lenye safu za namba na saa. Simameni hapo hadi afisa amalize kuandika, kisha mwombe kwa heshima awasomee. Sikiliza neno analotumia. “Amejisalimisha akiwa na wakili wake” na “amekamatwa” ni maneno mawili tofauti kabisa kortini, na kuomba lirekebishwe pale pale ni rahisi kuliko kubishana nalo mwaka mzima. Nakili nambari ya OB, saa, jina la afisa na namba yake ya kazi.

Kisha mahojiano. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa sababu ya kuzuiliwa kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kutolazimishwa kukiri. Ungamo lina masharti yake: Sheria ya Ushahidi inataka lifanywe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na kijana mwenyewe. Mkubaliane mapema mtu huyo atakuwa nani. Asitie sahihi karatasi ambayo haijasomwa yote kwa sauti. Akisoma pole pole, asomewe pole pole.

Onyo: kusema kweli na kusema ovyo si kitu kimoja. Vijana wengi wakiogopa hutaja majina ya watu hata wasiokuwa na hatia ili wapendeze. Mwambie mapema: sema ulichokiona na ulichokifanya. Usichokijua, sema hukijui.

Hatua ya 7: Saa 24 na baada ya hapo

Lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zimeishia wakati korti zimefungwa. Kesi nyingi za ugaidi jijini husikizwa Korti ya Kahawa, karibu na gereza la Kamiti, kwa hiyo usiende Milimani kwa mazoea ukamkosa. Upande wa mashtaka unaweza kuomba azuiliwe zaidi uchunguzi ukiendelea. Usizimie ukisikia hivyo. Ni jambo la kawaida kwa kesi hizi, na wakili ana nafasi ya kupinga au kuomba masharti, kwa mfano familia imwone na daktari amkague.

Hapo njia hugawanyika. Anaweza kushtakiwa. Anaweza kutumiwa kama shahidi. Anaweza kuachiliwa na kufuatiliwa. Yoyote itakayotokea, omba kila uamuzi kwa maandishi. Akiachiliwa bila mashtaka, wakili aiombe ofisi husika barua inayosema hivyo, na nakala yake ikae nawe. Akishtakiwa na kuhukumiwa, afisa wa probesheni huenda akaja nyumbani kuuliza habari za familia kabla ya adhabu kutolewa. Mpokee, mwambie ukweli. Ripoti yake husomwa na hakimu.

Hatua ya 8: Nyumbani, wiki za kwanza

Mtarajie awe mgeni. Atalala chini, karibu na mlango, viatu vikiwa kando ya kichwa, hata ukimtandikia kitanda kizuri. Pikipiki ikipiga mlio barabarani atakuwa ameshasimama kabla hujageuza shingo. Atakula haraka mno au hatakula. Usimcheke, usimlazimishe kuhamia kitandani, na watoto wadogo wasimwamshe kwa kumgusa. Wamwite jina kutoka mbali.

Usifanye karamu. Usimwite kila shangazi aje kumwona. Mpe kazi ndogo za nyumba zenye saa maalum, kama kuchota maji, kumpeleka mdogo wake shule, kufunga duka jioni. Maswali ya kule yaache kwa wakili na mshauri. Siku atakapoanza kusema mwenyewe, msikilize bila kumkatiza na bila kumhukumu, wala usiyapeleke kwa dada yako kwa simu.

Matibabu ya akili si aibu wala si mambo ya majini. Jinamizi, hasira za ghafla, kunyamaza siku nzima na mawazo ya kujiua ni mambo yanayotibika. Msalaba Mwekundu una namba ya bure ya ushauri nasaha, 1199. Hospitali ya Mathari, barabara ya Thika, ina madaktari wa akili. Kisomo cha Qur'ani au maombi kanisani viendelee kama vinampa utulivu, lakini dawa za daktari zisiachwe kwa ajili yake. Kuhusu dini, kama ana maswali ya jihadi yaliyomkaa kichwani, mtafutie mwanachuoni aliyesoma na mwenye subira wa kukaa naye wiki baada ya wiki. Mhubiri wa kumfokea siku moja hamsaidii.

Hatua ya 9: Karatasi zake

Kama kitambulisho kilipotea, chukua abstrakti (karatasi ya polisi ya kitu kilichopotea) kituoni, kisha nenda Huduma Centre, iwe ya GPO, Makadara au Eastleigh. Kama aliondoka kabla ya kuchukua kitambulisho, ataanza upya kwa chifu, akiwa na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Akiulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo, asibuni hadithi ya Dubai. Wakili amwandalie afidaviti (hati ya kiapo) fupi yenye ukweli unaohitajika kwa ofisi hiyo tu.

Akishapata kitambulisho, asajiliwe kwenye bima ya afya ya SHA kwa *147# na laini ya simu iwe kwa jina lake. Asitumie laini ya kaka yake hata siku moja.

Hatua ya 10: Kazi

Bila shughuli, mengine yote yatabomoka. Shida kubwa ni cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho waajiri wengi hukidai. Mtu asiye na hukumu anaweza kukiomba kupitia eCitizen kama raia mwingine yeyote; mwenye kesi inayoendelea aulize wakili kwanza. Wakati huo asikae bure. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Gikomba hawaulizi vyeti, wanaangalia mikono. Akishajua kazi, NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, hufanya majaribio ya ufundi kwa madaraja, na la chini kabisa halihitaji mtu awe amemaliza sekondari. Cheti hicho kina jina lake na hakisemi lolote kuhusu alikotoka.

Ushauri wangu: asianze na biashara ya mtaji. Pesa nyingi mkononi mwa mtu aliyerudi juzi huleta maneno mtaani na maswali kutoka kwa polisi. Aanze na ujira wa siku.

Hatua ya 11: Majirani, na walioumia

Chifu na mzee wa Nyumba Kumi wajue, kwa idhini ya wakili. Majirani wengine hawadaiwi maelezo. Kama jamaa zako wamezoea maslaha, yaani usuluhishi wa kimila wa wazee, elewa kwamba wazee wanaweza kupatanisha familia na familia, lakini kikao chao hakifuti kosa la jinai.

Na ikiwa kuna mtu aliyeumizwa, usimpeleke kijana kwake kuomba msamaha kwa pupa. Huyo mwathiriwa hakuomba kuonana naye, na ana haki ya kukataa milele. Ombi lipitie kwa wakili au kiongozi wa dini ambaye mwathiriwa mwenyewe anamwamini. Jibu likiwa hapana, lipokeeni.

Kama aliyerudi ni binti, au ana mtoto

Wasichana wengi walipelekwa kwa hila ya kazi za nyumbani au ndoa, wakaishia kuozwa kwa nguvu. Kabla ya maswali yoyote, apelekwe hospitali. Kenyatta ina huduma kwa waliodhulumiwa kimapenzi, na namba ya bure 1195 hupokea simu mchana na usiku. Ahojiwe na afisa mwanamke. Aombe hivyo wazi.

Mtoto aliyezaliwa huko ni Mkenya. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema uraia wa kuzaliwa unatokana na mama au baba aliye raia, hata kama mtoto amezaliwa nje ya nchi. Asiitwe “mtoto wa Shabaab” na yeyote, kuanzia na nyinyi wenyewe. Na kama aliyerudi bado hajafika miaka 18, yeye pia ni mtoto kisheria: kuzuiliwa kwake ni hatua ya mwisho kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Piga 116, simu ya watoto.

Mambo yakienda mrama

Amechukuliwa na watu wasiovaa sare. Andika namba ya gari, rangi, saa, na maneno waliyosema. Nenda kituo cha karibu uandikishe OB, hata wakikuambia uje kesho. Mpigie wakili afungue ombi la habeas corpus, yaani amri ya kuwataka waliomshika wamlete kortini, Mahakama Kuu siku hiyo hiyo. Haki hiyo, kwa kifungu cha 25 cha Katiba, haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Arifu IPOA na Tume ya Haki za Binadamu. Sasa zile picha za asubuhi na barua zenye mihuri zina kazi.

Afisa anaomba “kitu kidogo” ili amwachilie. Usitoe. Ukitoa leo ataitisha tena, na utakuwa umempa kosa jingine la kukushika nalo. Mwambie wakili.

Mwenye nyumba anataka mhame. Muulize kama ni kwa maandishi na kwa muda wa notisi mliokubaliana. Wakati huo tafuta mtaa mwingine, lakini mwambie wakili anwani mpya kabla ya kuhama, hasa kama kijana yuko nje kwa dhamana. Kuhama bila kuarifu huonekana kama kutoroka.

Ndugu zake hawataki kula naye. Usiwalazimishe. Wapo waliopoteza kazi au wachumba kwa sababu yake, na hasira yao ina msingi. Wapewe nao mshauri wao, mbali naye.

Anasema afadhali arudi kule. Mara nyingi husema hivyo baada ya siku ya kudharauliwa, kwa mfano kunyimwa kazi au kusimamishwa na polisi mara mbili njiani. Usijibu kwa vitisho. Muulize nini kimetokea leo, mkae naye usiku huo, na asubuhi mpigie mshauri wake.

Namba ngeni imeanza kumpigia. Asijibu, asijaribu kuwatukana wala kuwahadaa. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na saa, andika daftarini, usifute chochote. Wakili apeleke habari hiyo kwa mpelelezi wa kesi siku ileile kwa maandishi, na achukue nakala yenye muhuri, ili ijulikane kwamba wao ndio waliomtafuta na kwamba yeye ndiye aliyetoa taarifa.